Jina Kwenye Dinari Mpya

Mtaa wa Wahunzi,
Nyuma ya ukuta wa abasia,
Hallenrode.

Jumanne baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martini, mwaka wa Bwana 1187.

Mpendwa mdogo wangu Thietmar,

Nakusalimu wewe, na Ymma, na watoto wote wanne, huko ng'ambo ya mto Elbe. Je, mguu wako ulioangukiwa na gogo umepona? Ymma naye kifua kimemwachia? Nimekuwa nikiwawaza tangu baridi ilipoanza kuuma. Najua ni padre wenu anayekusomea barua hii, basi naye namsalimu kwa heshima, na namwomba asiruke mistari hata akiona ni mirefu. Sisi hapa tu wazima. Kuna mambo yametupata, lakini hakuna aliyekufa, kwa hiyo sikiliza kwa utulivu.

Nta uliyotuma kwa mkono wa Wolbert muuza chumvi ilifika salama, haijapungua. Ni nzuri kuliko ya huku, laini, haina takataka. Kazi iliyofanya nta hiyo nitakueleza mbele.

Mama hajambo. Sikio la kushoto limekufa kabisa, na la kulia linasikia lile tu linalotaka kulisikia. Meno yamebaki matatu, lakini mkate mweusi anaula, anauchovya kwenye bia mpaka ulainike. Kila Jumapili ananiuliza kama Thietmar amejenga nyumba ya mbao au bado analala na ng'ombe. Namwambia umejenga. Ananijibu, "Ataniambia mwenyewe siku akija." Mjengee jibu lako.

Binti yetu Aleke alijifungua mtoto wa kike wiki mbili baada ya Pasaka, wakamwita Oda kwa ajili ya Mama. Mama alimkagua mtoto kama anayenunua bata bukini sokoni, akasema pua ni ya ukoo wa mkwe lakini atasamehe. Paa letu linavuja palepale lilipovuja ulipokuwa hapa. Nguruwe tulimchinja juzi, alikuwa na mafuta ya kutosha.

Abesi Hemma alifariki wakati wa Kwaresima. Utamkumbuka, ndiye aliyekuzaba kofi kwa mkono wake mwenyewe ulipoiba matufaha ya watawa. Tulimlilia kweli, maana alitutawala miaka mingi na tulishazoeana naye kama mtu anavyozoea kiti chake. Masista wakamchagua Bertradis, ambaye hajafikisha hata miaka thelathini na mitano. Anatembea haraka mpaka masista wanaomfuata wanahema kama farasi wa mjumbe. Hakuna ghala, kitabu wala ufunguo katika mji huu ambao hajauliza habari zake. Watu wanamwogopa kidogo na kumpenda kidogo. Mimi nilikuwa kwenye kundi la waoga, na sababu yake ndiyo habari kubwa ya barua hii.

Thietmar, kuna jambo nimekuficha kwa miaka miwili. Shemeji yako Gerlof haoni. Ilianza kama ukungu asubuhi, tukadhani ni moshi wa makaa. Kisha ukungu ukakataa kuondoka hata mchana. Sasa anajua dirisha liko wapi na mlango uko wapi, basi. Uso wangu, anasema, anaukumbuka.

Wewe unajua kazi yake ni nini katika mji huu. Tangu tuoane, kila dinari iliyotoka Hallenrode imetoka kwenye chuma alichokichonga yeye, kile kinachogongwa juu ya fedha kiache picha. Zile dinari zetu nyembamba kama jani, zenye picha upande mmoja tu, ni yeye aliyezipa sura, mwaka hadi mwaka: Abesi ameketi, Abesi amesimama, Abesi kati ya minara. Na kila sikukuu ya Mikaeli za zamani zinakufa, watu wanazirudisha wapewe mpya, na chuma kipya kinahitajika. Mtu asiyeona angefanyaje?

Ilianza kwa jambo dogo. Siku moja alikuwa anamalizia vazi la Abesi, mkunjo mmoja ukamshinda, akaniambia, "Gisla, shika tindo, nitakuongoza." Akaushika mkono wangu, tukaupiga mkunjo ule pamoja. Kesho yake nikafanya mikunjo miwili. Baadaye akawa ananishika kiwiko tu. Baadaye akawa ananishika bega. Ilipofika Mikaeli ya mwaka juzi alikuwa ameketi nyuma yangu mikono ikiwa magotini, akisikiliza mlio wa nyundo, akiniambia, "Hapo umepiga kwa hasira, punguza." Na hakukosea.

Tulikuwa tunafanya kazi mchana, maana chuma kinataka mwanga, kwenye chumba cha nyuma kinachotazama bustani ya kabichi. Mama alikaa mlangoni akisokota sufu. Mtu akija, Mama alijifanya haelewi anachoulizwa, na kwa kazi hiyo hakuhitaji kujifunza.

Kwa nini tufiche? Kwa sababu Gerlof aliapa. Aliweka mkono juu ya masalia ya mtakatifu akasema hakuna mkono mwingine utakaogusa vyuma vya sarafu ila wake. Na sheria ya anayechonga chuma cha sarafu bila idhini ni kukatwa mkono. Nilikuwa naijua sheria hiyo kila siku niliposhika tindo. Lakini tungesema kweli, tungetolewa kazini, na kipofu wa miaka hamsini na mitatu pamoja na ajuza wa meno matatu wangekula nini?

Mwezi wa Agosti likaja agizo la dinari ya kwanza ya Abesi Bertradis. Ameketi kati ya minara miwili, kitabu mkono mmoja, ua la yungiyungi mkono mwingine, na pembeni, kuzunguka, jina lake.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Gerlof hajui kusoma. Wachongaji wengi hawajui. Miaka yote penye jina aliweka vijiti na viduara, fimbo, fimbo, duara, msalaba, vikapangana vizuri vikapendeza, na hakuna aliyeuliza, maana wanaotumia dinari nao hawasomi, na wanaosoma wanajua jina la Abesi bila kuambiwa na dinari. Akaniambia, "Pembeni fanya kama nifanyavyo siku zote." Nikasema ndiyo.

Mimi nasoma, kama ujuavyo. Nilipokuwa msichana wa jikoni kule abasia, marehemu Sista Lutgard alinifundisha herufi kwa kuziandika kwenye unga uliobaki mezani baada ya kukanda mkate. Nilichukua kipande cha nta yako nikajaribu kupanga vijiti kama vya Gerlof. Nikapanga vitatu. Cha nne mkono ukakataa. Nilijua jina lile linavyoandikwa, kila herufi nilikuwa naiona, na nilikuwa nimeketi pale naweka fimbo za uongo mahali pake. Nikafuta nta, nikaandika jina. Bertradis Abbatissa, yaani Abesi Bertradis kwa Kilatini. Kisha nikalichonga kwenye chuma, siku tatu, bila kumwambia mume wangu.

Alipopitisha kidole gumba juu ya nta iliyopigwa na chuma kile, alikipitisha tena, akasema, "Umezipanga vizuri kuliko mimi." Nikamjibu nimejitahidi. Jibu hilo linaniuma mpaka leo.

Mikaeli ikafika. Watu wakapanga foleni mbele ya nyumba ya sarafu wakinung'unika kama kawaida, unapeleka kumi na mbili unarudishiwa tisa, mke wa mchinjaji akisema kwa sauti Abesi mpya ana njaa kama wa zamani. Lakini mchana padre mmoja aliitazama dinari yake kwenye jua, akaisoma. Akaisoma tena kwa sauti, akamwonyesha mwenzake. Kabla ya sala ya jioni soko zima lilikuwa linajua kuwa mwaka huu dinari inasema.

Siku ya pili Bwana Reinward, msimamizi wa nyumba ya sarafu, akaja kwetu. Safari hiyo Mama hakufaulu kumzuia. Aliingia hadi chumba cha nyuma, akasimama mbele ya Gerlof.

"Gerlof, umejifunza kusoma lini?"

"Kusoma nini?" Gerlof akauliza, kwa sababu kweli hakujua.

"Miaka yote umetuandikia miguu ya kuku. Mwaka huu umeandika Bertradis Abbatissa, hakuna herufi iliyopotea. Nauliza tu, nani alikufundisha?"

Nilimwona mume wangu akigeuza uso taratibu kuelekea mahali nilipokuwa. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mtu mzima hawezi kujifunza?"

Reinward akavua ufunguo kiunoni, akauinua. "Hiki nilichoshika ni nini?"

Gerlof akageuza sikio kuelekea sauti. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo nimsaidie, Reinward akanitazama, nikaufunga. Akarudisha ufunguo kiunoni. Sidhani alifurahi. Alisema, "Nitalazimika kumwambia Mama Abesi," akatoka, akamwomba Mama radhi mlangoni kwa kumruka miguu.

Siku tatu Gerlof hakusema nami ila ya lazima. Siku ya kwanza jioni alisema, "Ungeniambia."

Nikasema, "Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa. Ndiyo maana ungeniambia."

Elewa, Thietmar. Si hatari iliyomchoma, hatari tulikuwa nayo siku zote. Ni kwamba alisikia kutoka kwa Reinward, ndani ya nyumba yake, kuwa kazi ya maisha yake ni miguu ya kuku, na kwamba mkewe alilijua hilo muda wote na akamrekebisha kimyakimya kama mtu anayefuta pua ya mtoto. Mama naye hakusaidia. Alisema, "Nyumba imekuwa kimya mpaka nadhani hata sikio la pili limekufa."

Nakiri kwako kuwa siku ya pili nilifunga mfuko. Niliweka mkate, nguo za Mama, blanketi. Nilisema tutakuja kwako, uliwahi kutuita, tukivuka mto hakuna atakayetufuata. Kisha nikamtazama Gerlof akitafuta kikombe chake kwa kupapasa meza, na Mama akisinzia, nikafikiria barabara ile na mvua ya Oktoba. Nikatoa mkate kwenye mfuko kabla haujakauka.

Siku ya nne tukaitwa. Chumba cha Abesi kiko juu ya lango, utakikumbuka kwa lile dirisha la mviringo. Alikuwa ameketi na masista wawili wazee, na Reinward amesimama pembeni. Mezani palikuwa na dinari moja. Nilimshika Gerlof kiganja, akakiondoa, akasimama peke yake.

Abesi akauliza, "Nani alichonga chuma hiki?"

"Mimi, Mama," akasema Gerlof.

Siku tatu alikuwa amenisemesha kwa shida, na hilo ndilo neno lake la kwanza mbele ya mtawala wa mji: aliuweka mkono wake mahali pa wangu.

Abesi akaichukua dinari akaiweka katikati ya kiganja cha Gerlof. "Basi nisomee."

Alipitisha kidole gumba, taratibu, ukingo wote. "Hapa pameandikwa jina lako, Mama."

"Nani kakwambia?"

"Bwana Reinward. Alikuja nyumbani akaniambia."

Sista mmoja mzee akacheka akajifanya anakohoa. Abesi hakucheka. "Herufi ya kwanza ni ipi?"

Kidole kilizunguka tena. Kilizunguka mara ya tatu. Sikuweza kuendelea kutazama.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Yeye haoni. Miaka miwili sasa nachonga mimi. Jina hakujua kuwa nimeliandika. Nilimdanganya yeye kama tulivyokudanganya wewe."

Abesi akanigeukia, akaniuliza nani alinifundisha kusoma. Nikamweleza habari za Sista Lutgard na unga. Yule sista aliyekohoa akasema, "Kumbe ndiyo maana mikate ilikuwa inachelewa."

"Na kwa nini hukupanga vijiti kama mumeo?" Abesi akauliza. "Ungepanga vijiti leo usingekuwa hapa."

"Nilijaribu, Mama, mkono ukakataa. Dinari inafika kwa watu ambao hawatauona uso wako maisha yao yote. Niliona ni afadhali jina liwe jina." Nikaongeza, "Na nilitaka kuona kama naweza."

"Hilo la pili ndilo la kweli," akasema.

Reinward akasogea. "Mama, sheria inataja mkono."

"Naijua. Nijibu hili kwanza. Kuna chuma kilichowahi kutoka nje ya usimamizi wako? Kuna dinari hata moja iliyopigwa kwa siri?"

Reinward angeweza kusema lolote. Mtu huyu ana shemeji yake mchongaji kule Erfurt, mji wote unajua anamtakia nafasi ile. Alisita, akasema, "Hapana, Mama. Vyuma vilirudi vyote kila mwaka, na fedha niliipima mwenyewe. Kazi yao ni safi." Kwa maneno hayo namwombea kila Jumapili, na sikutegemea kuwa siku moja nitamwombea Reinward.

Abesi akainama kidogo kuzungumza na masista. Sikusikia. Nilikuwa naitazama mikono yangu, nikijiuliza watachukua upi.

Kisha akasema hivi, nayakumbuka yote. Kwamba hakuna aliyeiba, kwa hiyo hakuna mkono utakaokatwa. Lakini kiapo ni kiapo na kimevunjwa juu ya masalia. Gerlof atatembea bila viatu hadi kanisani Ijumaa tatu, matindo yake yakining'inia shingoni, na hatavuka tena kizingiti cha nyumba ya sarafu siku zote za uhai wake. Mimi nitachonga muhuri mpya wa abasia humohumo ndani, masista wawili wakinitazama, wiki nzima. Ukiwa mbovu, mchongaji ataletwa kutoka Erfurt. Ukiwa mzuri, nitaapa.

"Na ukiapa," akaniambia, "utakuwa umeapa wewe. Atakayegusa chuma chako siku macho yako yakichoka, uniletee mimi kwanza. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Tulirudi nyumbani Gerlof ameshika ukosi wa nguo yangu. Njia inapita mbele ya nyumba ya sarafu, na nyundo zilikuwa zinalia ndani. Alisimama. Aliunyosha mkono akaupata mhimili wa mlango, akaushika kama linavyoshikwa shavu la mtu anayesafiri. Alijua hasa mahali pa kutovuka. Kisha akasema, "Twende, kuna baridi." Nililia njia nzima, naye hakuachia ukosi.

Ijumaa ya kwanza watoto walimcheka. Ya pili walikuwa wamechoka kucheka. Ya tatu kulikuwa na mvua yenye barafu, na Mama akakataa kubaki. Alitembea kando ya Gerlof kwa fimbo yake, akimwambia kila aliyechungulia dirishani, "Binti yangu nilimwoza kwa mtu mwenye viatu, msimtazame hivyo, atavivaa tena Jumamosi." Walipofika karibu na bucha, yule mke wa mchinjaji, aliyemtukana Abesi kwenye foleni, akatoka na ndoo ya maji ya moto na kitambaa, akasubiri nje ya kanisa mpaka Gerlof alipotoka, akamwosha miguu.

Muhuri nilimaliza siku ya saba. Masista wale wazee walinitazama kwa bidii siku mbili, siku ya tatu wakaanza kunisimulia maradhi yao. Abesi aliupiga kwenye nta, akautazama muda mrefu, akasema mguu wa kushoto wa kiti ni mfupi kuliko wa kulia. Ni kweli, ni mfupi. Kisha akaagiza masalia yaletwe. Niliapa siku ya Mtakatifu Galo, na nafaka na kuni za mchongaji sasa zinaletwa kwa jina langu.

Ungedhani hapo nilifurahi. Nilifurahi, sitakudanganya. Lakini nyumbani Gerlof alikuwa anakaa dirishani siku nzima, mikono magotini, anasikiliza nyundo za mbali. Sikuthubutu kuleta kazi chumba cha nyuma. Nilikuwa nachonga kulekule kwa Reinward, narudi, tunakula, tunalala.

Wiki iliyopita nilirudi nikamkuta amemwaga mfuko mzima mezani. Ni vile vipande vya madini ya risasi alivyojaribia vyuma vyake kabla ya kuvipeleka, kimoja kwa kila mwaka, hajawahi kuvitupa. Akachukua kimoja akanipa.

"Soma."

"Gerlof, acha."

"Soma, nimekwambia."

Nikakipeleka dirishani. "Hakuna neno."

Akanipa cha pili. Hakuna neno. Cha tatu, cha nne. Nilitamani kuongopa, lakini kuongopa nilishakumaliza. Tulienda hivyo mpaka tukapita nusu, ndipo nikakuta kimoja cha mwaka ule Aleke alipozaliwa. Nikamwambia, "Hapa kuna O mbili. Ni O kabisa."

Akafikiri. "O mbili," akasema. "Basi siku hiyo nilikaribia."

Akaanza kucheka, Thietmar. Sijui kama ulishawahi kumsikia akicheka hasa, anacheka bila sauti, mabega yanaruka. Mama akauliza tunamcheka nani, tukamwambia kwa kupokezana sikioni, naye akasema, "O mbili kwa miaka yote hiyo? Mimi ningemfukuza mwaka wa kwanza." Gerlof akacheka zaidi.

Alipotulia akafuta macho, akasema, "Nta ya Thietmar imebaki?" Ilikuwa imebaki. "Basi nifundishe."

Kwa hiyo ndiyo kazi yetu sasa baada ya chakula cha mchana. Naandika herufi moja kwenye nta yako, kwa kina, naye anaipitia kwa kidole gumba. Ni mwanafunzi mgumu, anabishana. Anasema S haina sababu ya kujikunja hivyo. Lakini kidole chake kinakumbuka kuliko macho ya wengi. Akikosea ananiambia Sista Lutgard alinifundisha vibaya.

Sasa jibu la wito wako wa kuja kuishi huko. Asante sana, na Mungu akulipe kwa moyo huo. Hatuji kwa sasa. Nimeapa, na Mikaeli ijayo chuma kitanidai. Gerlof anasema pia kuwa akija huko hatajua kizingiti kiko wapi. Lakini kiangazi kikiwa kikavu, njoo wewe, ukae hata wiki mbili, umjibu Mama kuhusu nyumba. Na ukipata mtu, tuma nta nyingine.

Ndani ya vibao hivi viwili nilivyovifunga kwa sufu utakuta dinari moja. Ni yenyewe. Ifungue polepole, inapinda kwa kuguswa. Usijaribu kuitumia, huko hakuna atakayeipokea, na huku Mikaeli ijayo itakuwa imekufa kama nyingine. Waonyeshe watoto, padre awasomee.

Wasalimie Ymma na wanangu wote. Mama anakusalimu na kusema ufunge kifua. Aleke, mumewe na Oda mdogo wanakusalimu. Reinward pia, nilipomwambia nakuandikia, alisema nikusalimu, sijui kwa nini, lakini nimefikisha. Mungu awalinde na baridi na homa, awape mavuno, atuweke hai tuonane.

Chini ya jina langu utaona maandishi mengine, makubwa, yamepanda mlima kidogo. Ni ya Gerlof. Nilimwekea kidole mahali pa kuanzia, akaandika mwenyewe herufi zote sita za jina lake bila kuniuliza. Padre atasema amekosea, maana zimeanzia kulia zikaenda kushoto, na kila moja imegeuka. Hajakosea. Mchongaji huchonga kila kitu kinyume, ili kikipigwa kwenye fedha kiwafikie watu kikiwa sawa, na mkono wake haujui njia nyingine. Nilitaka kumwambia aandike upya, nikanyamaza. Upande wa nyuma wa ngozi hii nimeuacha mtupu makusudi. Igeuze, uishike dirishani mwanga upite, utamwona shemeji yako.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda tangu ulipokuwa hujui kutembea,

Gisla

FOLREG